Kalenda ya Bwana Jumatatu

Duka la kupiga chapa la Wagdi, pale Shubra, lilikuwa dogo hivi kwamba wakiingia wateja wanne, wa tano huitikia salamu akiwa nje. Na ukikaribia mwisho wa mwaka hawaingii wanne, huingia Shubra nzima, kwa sababu kila mwenye duka anataka kalenda za kuwagawia wateja wake. Nardin alipenya katikati ya mabega yaliyolowa mvua, koti lake jekundu la sufi limepata tope kwenye pindo, akachukua sampuli ya kalenda ya duka la baba yake. Baba yake, Mzee Labib, alikuwa muuza basbusa, zile keki za semolina zilizolowa shira, na picha ya sinia lake ilikuwa imekaa vizuri tu. Tatizo lilikuwa chini ya picha.

"Kaka, wewe ni mgeni hapa Kairo?" akauliza.

"Mimi? Nimezaliwa mtaa wa pili kutoka hapa."

"Basi mbona wiki yako inaanza Jumatatu? Sisi huku tunaanza Jumamosi. Au Jumamosi na Jumapili umeziuza?"

Duka zima likacheka. Wagdi alikuwa kijana mrefu, mwenye sweta lililotoboka kiwiko na macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Aliona haya mpaka masikioni. Akamwonyesha kompyuta, akaeleza kwamba kiolezo cha kalenda alikipata mtandaoni, kimetengenezwa ng'ambo, naye amekitilia makro ya kwake.

"Makro unaiandikia maagizo mara moja tu," alisema. "Baada ya hapo kila mwaka unabonyeza kitufe, inapanga siku, sikukuu na saumu zetu zote, kila moja mahali pake. Haichoki, haisahau."

"Na huyo aliyeiandikia maagizo, naye hasahau?"

"Huyo anasahau. Hapa nilipo nimeshasahau nilichokuwa nafanya kabla hujaingia."

Nardin akatazama pembeni ili asionekane akitabasamu. Siku ya pili yake akapiga simu kuulizia kalenda, ingawa alijua hazijakauka wino.

"Haloo, Bwana Jumatatu amefungua?"

"Amekufungulia wewe tu, mwezi wangu. Hao wengine nimewaambia nimefunga."

"Mwezi wako tangu lini? Hata jina langu hujaniuliza."

"Jina lako nimeliona kwenye risiti. Nimelisoma mpaka limeanza kufutika."

Mapenzi yakaanza hivyo, kwa simu na utani, na basbusa ya moto iliyofungwa kwenye karatasi. Kabla Januari haijaisha pete zilikuwa vidoleni. Mzee Labib alimpenda kijana kuliko alivyopaswa baba mkwe kupenda. Moyo wake ulikuwa mgonjwa, akipanda ngazi anapumzika kila ghorofa, na haja yake duniani ilikuwa moja: kumwona binti yake wa pekee akivishwa taji la ndoa kanisani. Alishona na suti kabisa, ya rangi ya majivu, akaitundika kwenye mlango wa kabati ili aione akiamka.

Tarehe aliichagua mwenyewe, kwenye kalenda iliyotundikwa jikoni. Kanisani kwao hakuna taji linalovishwa ndani ya saumu, kwa hiyo alipitisha kidole kwenye miezi, akiruka Kwaresima, hadi akafika Juni. Saumu ya Mitume iliandikwa kuanza wiki ya mwisho ya mwezi. Basi Jumapili ya katikati ilikuwa wazi. Karani wa kanisa naye akaiandika bila wasiwasi, kwani kalenda iliyokuwa ukutani kwake ilitoka duka lile lile.

"Mkwe wangu ana mashine inayozijua saumu kuliko mashemasi," Mzee Labib aliwaambia wateja, akiwakatia basbusa vipande vikubwa kuliko walivyolipia.

Baada ya Pasaka simu za Wagdi zikabadilika. Nardin akimtania, anajibu kwa neno moja. Akimuuliza juu ya shela, anasema baadaye, roho yangu, kuna kazi. Mara mbili alimwambia anakwenda ofisi ya askofu kupeleka kazi ya chapa, na mara zote mbili akarudi amenyamaza kama aliyetoka mazikoni. Nardin akaanza kuogopa kwamba kuna mwanamke mwingine.

Ijumaa kabla ya Pentekoste, Mzee Labib akalazwa hospitali kuzibuliwa mshipa wa moyo. Daktari alisema atatoka siku chache kabla ya harusi, na ni kwa ajili ya harusi mzee alikubali kisu. Jioni ile Nardin alipita kanisani kuzungumza habari za kwaya. Padri wao, Abuna Serabamun, akamtazama kwa mshangao.

"Kwaya ya Jumapili ipi, binti yangu? Saumu ya Mitume inaanza Jumatatu hii. Nilidhani mmeshahamisha siku."

Nardin akageuka kutazama kalenda ya ukutani. Juu ya Juni palikuwa pamebandikwa ukanda wa karatasi nyeupe, umekatwa sawasawa, wenye herufi alizozijua. Saumu imesogezwa nyuma wiki mbili na zaidi. Abuna akamweleza kwamba aliliona kosa tangu Kwaresima, akamwambia Wagdi, naye Wagdi akaja mwenyewe kubandika. Akaongeza kwa upole kwamba bado Jumapili ya keshokutwa ipo, anaweza kuwavisha taji kwenye altare ndogo, pasipo kwaya. Lakini keshokutwa Mzee Labib angekuwa kitandani na mipira kifuani.

Alikwenda dukani kwa miguu. Wagdi alipomwona tu usoni, akazima mashine.

"Saumu ya Mitume inafuata Pasaka," alisema bila kuulizwa. "Pasaka ikiwahi, nayo inawahi. Tarehe za Kwaresima na Pasaka nilizirekebisha kwa mkono, kwa sababu kila mtu huzitazama. Ndani ya makro Pasaka ikabaki ya mwaka jana."

"Sijakuuliza makro. Ulijua tangu Kwaresima?"

"Nilijua."

"Na ukabandika ya kanisa. Yetu ya jikoni ukaiacha."

"Mzee alikuwa anajisifu kwa jina langu, Nardin. Nilikwenda kuomba ruhusa kwa askofu tuoane ndani ya saumu, akakataa. Mara mbili. Nilitaka nilitengeneze kabla hamjajua."

"Ungesema siku ile ile tungefunga ndoa baada ya Pasaka, baba akiwa amesimama," alisema Nardin. Sauti yake ilikuwa ndogo, na hiyo ndiyo iliyomtisha Wagdi. "Kukosea ulikosea tangu siku ya kwanza, na nikakupenda katika kicheko cha kosa lile lile. Huku ni kuficha."

Akaivua pete, akaiweka juu ya kibodi.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na kilio hakikuchelewa. Mshipa ulizibuliwa, lakini mapafu yakajaa maji. Kila asubuhi mzee aliuliza ni lini, nao wakamjibu saumu ikiisha, baba, Julai. Hakuifikia Julai. Suti ya rangi ya majivu ikatolewa mlangoni mwa kabati, wakamzika nayo.

Wagdi alisimama mwisho wa safu siku ya mazishi, na tena kwenye misa ya arobaini. Hakuna aliyemfukuza. Hakuna aliyemkaribisha pia.

Novemba iliporudi na mvua zake chache, mama yake Nardin alisema wateja wa marehemu lazima wapate kalenda yao. Nardin akaenda dukani amevaa nguo nyeusi kuanzia shingoni hadi viatuni. Palikuwa pamejaa vile vile. Wagdi alimpa kiti, naye mwenyewe akabaki wima.

Kwenye kioo cha kompyuta kurasa zilikuwa tupu. Makro aliifuta, alimwambia. Sasa anahesabu mwenyewe kwa kidole, hamsini kuanzia Pasaka, kisha anampelekea Abuna kila ukurasa. Kazi inachelewa na wateja wanalalamika. Nardin akamwomba aandike siku ya kumbukumbu ya baba. Wagdi akaiandika kwa herufi ndogo.

Mashine ya nyuma ilikuwa ikitema karatasi. Nardin akanyoosha kidole, akakiweka kwenye Jumapili moja ya mwisho wa Julai, baada ya mwaka wa msiba kutimia.

"Na hapa, Bwana Jumatatu? Hapa kuna saumu?"

Wagdi hakuwa amesikia jina hilo tangu mwezi wa tano.

"Hakuna. Nilishamuuliza Abuna."

"Ulimuuliza lini?"

"Wiki iliyopita. Na juzi. Na jana nilimuuliza tena."

Nardin akasimama, akafunga skafu yake nyeusi vizuri, macho yamemjaa machozi.

"Basi funga duka," alisema. "Twende ukamuulize mbele yangu."