Mama Randa Achora Kabla ya Kukata

Mama Randa na mumewe walikuwa na karakana nyuma ya nyumba yao. Mama Randa alikuwa seremala. Jina hilo alilipata kwa sababu ya randa yake, ambayo hakumwazima mtu yeyote, hata mama mkwe. Mumewe alichomelea vyuma, na watu walimwita Cheche. Cheche akitengeneza fremu, mkewe anaivisha mbao. Ukipita hapo asubuhi utasikia msumeno upande mmoja, nyundo upande wa pili, na katikati ubishi wa nani kaficha tepu ya kupimia.

Lakini siku hiyo hapakuwa na utani. Walikuwa wamesimama kwenye mapokezi ya zahanati, mbele ya kaunta mpya waliyoileta. Ilikuwa kaunta nzuri. Ilikuwa na sehemu ya juu kwa wagonjwa wanaosimama, na sehemu ya chini kwa wanaokuja na kiti cha magurudumu. Ila sehemu ya chini ilikuwa kushoto, nyuma ya nguzo. Kiti cha magurudumu kisingeweza kupita hapo.

"Mama," muuguzi mkuu alisema taratibu, "nilisema upande wa mlangoni. Kulia."

"Kulia ndiko nilikochora, Sista."

"Na mimi kulia ndiko nilikochomelea," Cheche akadakia.

Kuigeuza haikuwezekana. Mbao nzuri zingetazama ndani, na droo zingetazama wagonjwa.

Muuguzi alishusha pumzi. "Kuna mama mmoja huja hapa kila wiki na kiti chake. Hulazimika kupaza sauti ili asikike juu ya kaunta ya zamani. Ugonjwa wake wote unasikika mpaka nje. Nataka hilo liishe. Mnaweza, au nitafute fundi mwingine?"

Mama Randa alihisi uso unawaka moto. "Tunaweza," alisema.

Walipofika karakana, kila mmoja akamtupia mwenzake lawama. Mama Randa alionyesha kipande cha plaiwudi alichochorea kwa penseli. Alikuwa amechora sura ya mbele tu.

"Mbele ni wapi?" Cheche aliuliza.

"Wanaposimama wagonjwa, wapi tena?"

"Mimi nilidhani ni anapokaa karani!"

Wote wawili wakaukodolea macho mchoro. Kumbe hakuna aliyekuwa mzembe. Mchoro wenyewe ndio haukusema, na mbao zikafuata fremu.

Kesho yake Mama Randa alikwenda kwa wifi yake, dada yake Cheche. Wifi huyo alikuwa mchoraji wa ramani za mabomba ya maji, na kazi yake aliifanya kwa kompyuta.

"Karibu, wifi," alisema akicheka. "Nimesikia mmemtengenezea karani kaunta ya kujificha."

"Cheka, zamu yako. Ukimaliza, nifundishe kuchora kitu ambacho hata kaka yako hawezi kukisoma vibaya."

Wifi aliacha kucheka. Akavuta kiti cha pili, akafungua programu ya kuchora.

"Unachotaka ni mchoro wa isometriki," alisema. "Unaonyesha pande tatu kwa pamoja: juu, kushoto na kulia. Ni kama umesimama kwenye kona, unakitazama kitu kwa juu kidogo. Mistari ya kimo inasimama wima. Ya urefu inainama upande mmoja, ya upana inainama upande wa pili. Kila moja inapanda kwa nyuzi thelathini."

"Sasa nitaipimaje hiyo?"

"Hupimi. Washa gridi ya isometriki." Akabonyeza, na vitone vya kwenye skrini vikajipanga kwa mshazari. "Sasa kompyuta inajua. Kitufe hiki, F5, kinakuhamisha kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Hiki, F8, kinazuia mstari usiache mwelekeo wake. Wewe elekeza kipanya, andika kipimo, basi."

Mama Randa alishika kipanya. Mkono uliozoea msumeno ukakisukuma kwa nguvu. Mstari wa kwanza ukakimbilia nje ya skrini.

"Kinateleza kama sabuni!"

"Kishike polepole. Hakiumi."

Alifuta, akaanza upya. Wifi alimfundisha kuanza na sanduku zima, kisha kukata kile kisichotakiwa, kama anavyokata ubao. Hilo alilielewa mara moja. Ubao wa mshazari kati ya sehemu ya juu na ya chini ulimsumbua zaidi.

"Huo usiupime kwenye mchoro," wifi alimwonya. "Vipimo ni vya kweli kwenye zile njia tatu tu, za kimo, urefu na upana. Tafuta ncha mbili za mshazari, kisha uziunganishe."

Tundu la kupitishia nyaya nalo lilimshinda. Alichora duara, likaonekana kama sahani iliyobandikwa juu ya kioo.

"Duara likitazamwa kwa pembeni linabinywa, linakuwa kama yai," wifi alisema. "Chagua duara la isometriki, halafu hakikisha uko upande unaotaka."

Mama Randa alirudi kesho yake, na siku iliyofuata. Shingo ilimuuma, macho yakamwasha, lakini hakukubali kushindwa. Mwishowe kaunta nzima ilikaa kwenye skrini, na vipimo vyake vyote. Kwa herufi kubwa aliandika: MLANGO UKO HUKU. WAGONJWA WANASIMAMA HAPA.

Cheche alipoletewa mchoro uliochapwa kwenye karatasi, alikunja uso. "Mimi nachomelea chuma, sichomelei picha."

"Haya, niambie sehemu ya chini iko wapi."

Aliitazama. "Kulia. Mlangoni." Akaitazama tena, akaisogeza karibu na macho. "Hee! Hata mtoto hawezi kukosea hapa."

Alitaka kukata chuma papo hapo. Mama Randa alimzuia. "Sista aione kwanza."

Muuguzi mkuu aliitazama karatasi kwa muda mrefu. Kisha akaweka kidole mbele ya sehemu ya chini.

"Huu ubao wa hapa mbele ni wa nini?"

"Wa kuziba, Sista. Na ndio unaobeba ubao wa juu."

"Na magoti ya mgonjwa yataingia wapi?"

Mama Randa na mumewe wakainamia karatasi. Hata kama wangeiweka upande sahihi, mama yule angekaa mbali na kaunta, magoti yakigonga ubao.

"Nikiweka mikono miwili ya chuma kutoka nyuma ibebe ubao wa juu, huo wa mbele hauhitajiki," Cheche alisema.

"Basi ngoja niufute," mkewe akajibu.

Aliufuta kwenye kompyuta ya wifi, akachora mikono ya chuma. Hakuna hata ubao mmoja ulioharibika. Ndipo Cheche akawasha mashine yake, na Mama Randa akachukua msumeno. Mbao za kaunta ya kwanza walizifungua na kuzitumia tena.

Siku walipokuwa wakikaza skrubu za mwisho, mlango wa zahanati ulifunguliwa. Mama mmoja akaingia na kiti chake cha magurudumu. Hakuuliza chochote. Alisogea moja kwa moja hadi kwenye sehemu ya chini, magoti yakaingia, akaegemeza viwiko juu ya mbao.

Karani aliinama kidogo kumsikiliza. Mama yule alieleza shida yake kwa sauti ndogo. Mama Randa, aliyekuwa hatua chache tu kutoka hapo, hakusikia hata neno moja.