Gramu Arobaini za Mtama

"Shangazi ameamka. Dawa yake isikae mezani."

Sauti ya Mjomba, mkuu wa operesheni, ilipita kwenye kipokeo kidogo kilichofichwa ndani ya sikio la kushoto. Mwiba hakutikisika. Alibonyeza kalamu yake mara mbili. Nimekupata.

Maana yake ilikuwa fupi: wezi wameanza kazi, linda mbegu.

Sikio la kulia lilikuwa na shughuli nyingine. Humo, kupitia spika za masikioni za Sony, mgeni mmoja alikuwa anaeleza kwa dakika ya ishirini sasa jinsi anavyoipenda dunia na watu wake. Wote walimwita Mfadhili. Na Mwiba, aliyekaa kwenye kibanda cha kioo nyuma ya ukumbi, alilazimika kuyatafsiri mapenzi hayo neno kwa neno.

Kwa washiriki mia mbili alikuwa mkalimani tu. Kwa idara ya usalama alikuwa jasusi wa miaka kumi na minne, mwenye bastola ya Glock ndani ya mkoba wa vipodozi.

Kazi ya ukalimani ina uchafu wake. Uongo wa mtu unauingiza sikioni, unautoa kwa kinywa chako mwenyewe, na huruhusiwi kutema mate.

"Tumekuja kushirikiana," alitafsiri. "Sayansi haina mipaka."

Lo! Haina mipaka, kweli. Hasa mikono yake.

Bango la mbele liliandikwa kwa herufi kubwa: USHIRIKIANO WA KIMATAIFA WA SAYANSI NA TEKNOLOJIA KWA MAENDELEO ENDELEVU. Lilikuwa la plastiki. Chini yake zilipangwa chupa mia nne za maji, za plastiki. Kiyoyozi kiliwashwa kwa nguvu mpaka watu wakavaa makoti, ili wajadili vizuri joto la dunia.

Ila ghorofa ya chini kulikuwa na kitu cha kweli.

Ndani ya stoo ya baridi, nyuzi ishirini chini ya sifuri, ilikaa chupa moja ya chuma. Gramu arobaini za mtama unaoota kwenye ardhi iliyouawa na chumvi. Miaka kumi na moja ya jasho la watafiti wa nchi sita, wakiongozwa na dada yake Mwiba, wa tumbo moja.

Miezi mitatu nyuma kitalu chao kiliungua chote. Hitilafu ya umeme, ilisema ripoti. Umeme gani unaonuka petroli? Kilichobaki duniani ni chupa ile. Na kanuni ya mradi ilisema hakuna nchi itakayopewa hata punje moja mpaka kamati isaini makubaliano. Kamati ilikuwa na miaka mitatu vikaoni, ikigombea mkato uwekwe wapi.

Ikitoroshwa leo, mwizi anaisajili kwa jina lake. Na wakulima waliotoa mbegu mama mashambani kwao wataipigia magoti kila msimu.

Saa nne na nusu mshereheshaji alitangaza lile jambo ambalo mkutano wowote hauwezi kuisha bila hilo.

"Picha ya pamoja! Wote nje, kwenye ngazi! Wote, wote!"

Mwiba alishuka upesi kuelekea stoo. Katibu muhtasi akamdaka mlangoni.

"Mkalimani, Mfadhili anakutaka. Usimame pembeni yake, kamera isikuone."

Akasimama pembeni. Nani akatae? Mtu anayeshukiwa na idara anakuita mwenyewe ukae karibu naye. Mwiba alimganda kwa macho dakika kumi na tano nzima. Mfadhili hakusogea hata hatua moja. Alitabasamu, akatengeneza tai, akatabasamu tena. Hata walinzi wawili wa stoo walikuja, maana waliagizwa washike ncha za bango.

Mwiba aliwaona. Shingo ikamcheza. Ila mwizi si huyu hapa, mbele yangu? Akajiambia hivyo, akatulia.

Alikosea.

Waliporudi ukumbini, Mkurugenzi wa kituo cha utafiti, mwenyeji wa mkutano, alipanda jukwaani na zawadi. Ngao ya mbao, nene, imechongwa mikono miwili ikishikana. Ukumbi ulisimama. Makofi yakapigwa.

"Pokea zawadi hii ndogo, kutoka mioyoni mwetu," alitafsiri Mwiba.

Mfadhili aliipokea. Akaihamishia mkono wa pili. Akajipangusa vidole kwenye suruali. Kisha akaomba radhi, ana dharura, ndege yake inamsubiri. Akaondoka na makofi yale yale.

Dakika kumi baadaye Samsung ya Mwiba ililia. Picha ya pamoja imeingia kwenye kundi la WhatsApp. Aliikuza. Safu ya kwanza. Ya pili. Ya nyuma, kwenye nguzo.

Mkurugenzi hayumo.

Mkurugenzi! Mtu anayepigwa picha na mashine ya kudurufu! Mtu aliyewahi kumsogeza mjane pembeni ya jeneza ili yeye akae katikati! Leo, na wageni wa nchi thelathini, amekosa picha?

"Mjomba. Tumeingizwa mjini."

"Sema."

"Nilikuwa namlinda mtu wa kutazamwa. Mwizi ni mwenyeji."

Alivua spika, akamwachia kiti mkalimani mwenzake, akashuka ngazi mbilimbili.

Dada yake alikuwa maabara, koti jeupe lenye madoa ya udongo, miwani kichwani.

"Dada, fungua stoo."

"Wewe si uko juu? Nani anarudia maneno ya watu?"

"Fungua kwanza. Utanitania baadaye."

Dada mtu alifungua. Baridi ikawapiga usoni. Chupa ilikuwepo mahali pake. Aliitoa, akamimina punje kiganjani, akasogeza taa. Akaweka moja mdomoni, akaitafuna.

Akaitema.

"Siyo yangu."

"Una hakika?"

"Yangu ina doa jekundu kwenye kitovu. Hii ni ya kulishia kuku." Akakaa sakafuni. "Mdogo wangu, nimemzika mume wangu Jumatatu, Alhamisi nikarudi humu humu. Kwa ajili ya chupa hii. Wameniwekea mtama wa kuku?"

Mwiba aliinama, akamshika bega. Hasira ilimpanda hadi ulimi ukawa mchungu.

"Funguo ziko ngapi?"

"Mbili. Yangu na ya Mkurugenzi."

Vidole vilivyopanguswa kwenye suruali. Nani anashika mbao kavu ikamlowesha vidole?

Ngao ilikuwa ya baridi: chupa halisi ilikuwa ndani yake.

Na yeye mwenyewe ndiye aliyetafsiri: kutoka mioyoni mwetu. Mwizi kamkabidhi mwizi mwenzake jukwaani, mchana kweupe, na watu mia mbili wakapiga makofi. Pfuu!

"Usitoke hapa," alimwambia dada yake. "Usimwambie mtu."

"Wewe unakwenda wapi?"

"Kurudia maneno ya watu."

Nje, tarishi alikuwa anakabidhi barua mapokezi. Pikipiki yake ya Yamaha ilikuwa inanguruma getini.

"Ndugu yangu, naazima."

"Unaazi— wee mama! Wee!"

Alikwishaondoka.

"Dereva, sema," alimwita mwenzake wa idara kwenye kipokeo.

"Msafara umetoka dakika kumi na nane zilizopita. Land Cruiser mbili nyeusi na king'ora. Kiwanja cha ndege, lango la wageni maalumu."

"Mkurugenzi?"

"Yuko kwenye chai. Namwona hapa na andazi."

"Mshike kabla hajalimeza."

Barabara ilikuwa tupu. Polisi walikuwa wameifunga kwa ajili ya msafara, na foleni ya wananchi ilikuwa imebanwa pembeni, watu wakichemka ndani ya magari. Mwiba aliingiza gia ya tano. Kadi ya mkutano ilimpepea kifuani. Askari wa makutano aliiona, akakaza mwili, akampigia saluti.

Saluti nne alipigiwa njiani. Hata za kwake mwenyewe kazini hazijafika nne.

Sebule ya wageni maalumu ilikuwa na zulia jekundu na harufu ya manukato yaliyozidi. Mlangoni alisimama mlinzi wa Mfadhili, pandikizi la mtu, shingo hana.

"Mkalimani," alisema Mwiba, akionyesha kadi. "Bwana mkubwa ana mgeni wa forodha."

Pandikizi lilikagua kadi. Likakagua mkoba. Mkono ukaingia kwenye vipodozi.

Mwiba hakungoja uipate Glock. Goti la tumboni. Mlango wa chuma, kwa nguvu, kwenye kiwiko. Kizima moto pembeni kikatoka ukutani na kumshukia kisogoni. Pandikizi lilikaa chini taratibu, likalala.

Alichomoa Glock, akafunga mlango nyuma yake.

Mfadhili alikuwa kwenye kochi, anakula korosho. Ngao ilikuwa kando yake, mgongo wa mbao umetoka jasho hadi limelowesha kitambaa. Aliangalia bastola, akaangalia kadi.

"Ah," alisema kwa lugha yake. "Sauti ya kibandani. Unatafsiri vizuri sana."

"Simama. Mbali na ngao."

"Mimi nina kinga ya kibalozi. Huwezi kunigusa."

"Sijakugusa. Nimesema simama."

Alisimama, akila. "Fikiri kidogo, bibie. Mbegu ikiwa kwenu itaoza ndani ya kamati. Kwetu itafika duniani kote, imefungashwa, ina maelekezo. Hii ndiyo teknolojia. Ninyi mtanishukuru."

Mwiba alikuwa ameshawahi kukaa chumba kimoja na wauaji. Mmoja wao alilia. Mwingine aliomba maji. Hakuna aliyewahi kumtia kinyaa kama huyu wa korosho, anayeiba huku akidai shukrani.

Aliinua ngao kwa mikono miwili na kuibamiza kwenye ukingo wa meza ya marumaru.

Mara moja. Mara mbili.

Mikono iliyoshikana ikapasuka katikati. Chupa ya chuma ikabingirika kwenye zulia, nyeupe kwa barafu.

Aliifungua kidogo. Punje zikameta. Kila moja na doa jekundu kitovuni.

"Mjomba. Dawa ninayo. Mgonjwa pia ninaye."

Sauti ya Mjomba ilirudi kipokeoni.

"Mwiba, mwachie aende."

"Rudia."

"Amri imetoka juu. Wamepigiwa simu. Wanasema tusiharibu ushirikiano."

Mwiba alitazama dirishani. Ndege ndogo ya Gulfstream ilikuwa tayari, ngazi imeshushwa. Mfadhili alianza kutabasamu. Hakuijua lugha, ila sauti ya mtu anayenyongonyea aliifahamu vizuri, maana ameishi kwa kuisikiliza.

"Mjomba, amri imesemaje? Neno kwa neno."

"Mtu aachiwe aondoke salama."

"Mbegu imetajwa?"

Sauti ya Mjomba ilikuwa na kicheko kilichofichwa.

"Mbegu hawakuitaja."

"Basi nimekusikia."

Alirudisha Glock mkobani. Akakusanya vipande vya ngao, akampakatisha Mfadhili mikononi, vibanzi na yote.

"Zawadi yako," alimwambia kwa lugha yake, kwa sauti ile ile tamu ya kibandani. "Kutoka mioyoni mwetu."

Kisha akaenda kwenye bomba, akanawa mikono kwa sabuni. Akanawa tena.

Maabara ilikuwa imejaa aliporudi. Dada mtu hakuwa ametii. Badala ya kukaa kimya aliwaita wenzake watano, wataalamu wa zile nchi nyingine tano, wale wanaokaa viti vya nyuma na kamwe hawapewi kipaza sauti. Walikuwa wamesimama kama watu waliofiwa.

Mwiba aliweka chupa mezani.

Dada yake aliimimina kidogo, akatafuna moja. Machozi yakamtoka, akayafuta kwa mkono wenye udongo.

"Ni yenyewe."

Mmoja wa wale watano, mzee mwenye ndevu, alikohoa. "Tuirudishe stoo, tubadili kufuli."

"Stoo?" Dada mtu alimgeukia. "Ile ile? Wasubiri picha nyingine?"

Alivuta droo, akatoa bahasha sita za karatasi, zile ndogo za kuwekea sampuli. Akavuta mizani. Akawasha taa.

"Kanuni inasema hakuna kugawa kabla kamati haijasaini," alikumbusha mzee, ila alikuwa tayari ameshika bahasha.

"Kanuni ndiyo iliyoweka roho zetu zote kwenye chupa moja. Mwizi alihitaji ufunguo mmoja tu. Sasa mimi nasema hivi: gramu sita na nusu kila mmoja, inayobaki nabaki nayo mimi. Msimu huu huu mpande. Mwenye yake ikinyauka, aombe kwa mwenzake. Au mnaogopa?"

Sita wale waliinamia meza, vichwa vikakaribia kugusana, wakaanza kupima. Punje ilipodondoka, mtu wa taifa hili na mtu wa taifa lile walipiga magoti pamoja kuitafuta chini ya friji.

Huo ndio ushirikiano pekee Mwiba aliouona siku nzima. Ghorofa ya juu walikuwa bado wanahutubiana.

"Wewe," dada mtu alimwita bila kuinua macho kutoka kwenye mizani. "Hiyo damu kwenye kola yako ni ya nani?"

"Ya mtu mmoja asiye na shingo."

"Mkalimani wa namna gani wewe?"

"Tutazungumza Jumapili, nyumbani."

"Utazungumza. Mimi nitasikiliza, na mwiko ninao mkononi."

Simu ilitetemeka. Ujumbe wa Mjomba: *Juu wanauliza mbegu iko wapi. Niwaambie nini?*

Mwiba alihesabu bahasha zilizofungwa. Ya nne ilikuwa inaingia kwenye mfuko wa koti la mzee mwenye ndevu. Ya tano inapimwa. Aliegemea mlango, akasubiri hadi ya sita ifungwe, ndipo akaandika jibu.

*Waambie imeshagawiwa.*

Alizima simu. Akatafuta leso, akafuta kola, akatoka kwa mlango wa nyuma kwenda kumrudishia tarishi pikipiki yake.