Boga la Nyemo Lina Kiu

Huyu ni Nyemo. Anakaa Mpwapwa, na Mama na Baba, katika nyumba ya matofali mekundu.

Nyuma ya nyumba kuna bustani. Ni bustani ndogo. Nyemo akikimbia kidogo tu, ameshaimaliza.

Bustanini palikuwa na mchicha. Jua likaukausha. Palikuwa na nyanya. Mbuzi wa Mama Lemeki, jirani yao, akazila zote.

Sasa limebaki boga.

Ni boga la Nyemo. Alichomeka mbegu kwa kidole chake mwenyewe, chwii, na mbegu ikaota. Ikatambaa. Ikatoa ua la njano. Ua likaanguka, na pale nyuma ya ua pakawa na boga.

Boga ni dogo kama ngumi ya Baba. Ni la kijani na lina mistari. Kila asubuhi Nyemo analipapasa.

"Umeamkaje, boga?"

Boga halijibu. Lakini Nyemo anajua limeamka salama.

Ni mwisho wa kiangazi. Jua linawaka. Upepo unapita na vumbi lake, vuuu, vuuu. Mvua bado.

Leo asubuhi majani ya boga yamelala chini. Lege, lege, lege. Kama masikio ya mbuzi mgonjwa.

Nyemo anachuchumaa. "Boga, unaumwa?"

Anashika udongo. Udongo ni mkavu. Udongo ni wa moto.

"Aa," anasema Nyemo. "Una kiu."

Nyemo anakimbilia bombani. Anafungua bomba. Fyuuu. Unatoka upepo tu. Maji yamekatika tangu zamani.

Mama yuko jikoni. Ametoka kisimani, na kisima kiko mbali. Ngata ya kubebea ndoo bado iko kichwani, amesahau kuivua.

Mama wa Nyemo huongea haraka haraka. "Nyemo, umetoka juani, ndala ziko wapi, huko kuna miiba, uji umekunywa, umemaliza, mbona magoti meupe hivyo, njoo nikufute."

"Mama, boga lina kiu. Nipe maji."

Mama anashusha pumzi. Anamwonyesha.

"Maji ya mtungi ni ya kunywa. Maji ya ndoo ni ya kupikia. Maji ya beseni ni ya kuoga. Maji ya boga hakuna, mwanangu."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Tusubiri mvua."

"Mvua inakuja lini?"

Mama anatazama juu. Hakuna wingu. Hakuna hata kipande cha wingu. "Sijui," anasema Mama.

Nyemo anarudi bustanini. Anaweka mdomo karibu na boga. Anasema polepole:

"Boga, boga, vumilia. Nyemo anakutafutia."

Nyemo anafikiri. Boga linachomwa na jua. Basi linataka kivuli.

Kwenye kamba kuna kanga. Nyemo anaivuta. Analifunika boga lake, vizuri kabisa, kama mtoto mchanga.

Upepo unakuja. Vuuu. Kanga inaruka. Inapita juu ya mchongoma. Nyemo anaikimbiza, kanga inakimbia, Nyemo anaikimbiza.

"Nyemo, kanga yangu, ya kanisani hiyo, usipite kwenye miiba, acha, acha, nitaichukua mwenyewe, jicho lako, angalia jicho."

Mama anaitoa kanga kwenye miiba. Taratibu, taratibu. Imetoboka kidogo pembeni.

Nyemo anatazama vidole vya miguu yake. Halafu anatazama boga. Lege, lege, lege.

"Boga, boga, vumilia. Nyemo anakutafutia."

Jioni inakaribia. Ni saa ya kuoga.

Bafu la kina Nyemo ni la mabati. Liko uani. Mama anaweka beseni ndani. "Vua nguo, ingia, mimi nachukua taulo, usicheze na maji, usiyamwage, nakuja sasa hivi."

Mama ameondoka. Nyemo anatazama maji. Maji yanamtazama Nyemo.

Nyemo anachota kwa viganja. Anatembea kwenda bustanini. Maji yanavuja. Tii, tii, tii. Anafika kwa boga. Anafungua viganja.

Hakuna kitu.

Anarudi. Anachota tena. Safari hii anakimbia. Tii, tii, tii, tii. Anafika.

Hakuna kitu.

Nyemo anafikiri. Viganja vinavuja. Hata ndala zingevuja. Ni nini kisichovuja?

Mdomo.

Nyemo anainama kwenye beseni. Anavuta maji mdomoni. Mashavu yanavimba. Mbuu. Yamekuwa duara, kama maandazi mawili.

Anatoka bafuni amejifunga kanga yake ndogo. Anatembea taratibu. Maji hayavuji. Boga liko pale. Bado hatua chache tu.

Na hapo Mama Lemeki anaingia uani.

"Hodi humu. Nimefuata chekeche," anasema Mama Lemeki. Halafu anamwona Nyemo. Anasimama. Anasubiri.

Nyemo anajua anachosubiri. Mtoto akimwona mtu mzima, anaamkia. Lazima aseme shikamoo.

Lakini akisema shikamoo, maji yatamwagika.

Nyemo anainamisha kichwa. "Mm-mm-mm," anasema.

"Hee. Mm-mm-mm ndiyo nini?" anasema Mama Lemeki. "Jana uliniamkia vizuri. Leo umemeza ulimi?"

Nyemo anatikisa kichwa. "Mm-mm."

"Au umeweka pipi shavuni, hutaki kunigawia."

"Mm-mm."

"Ni jino basi. Masikini, shavu lote limevimba. Hebu nione."

Mama Lemeki ananyoosha kidole. Anagusa shavu. Kidogo tu.

Pfyuuuuu.

Maji yote yanatoka. Yanaruka. Yanatua kwenye kanga ya Mama Lemeki.

Nyemo anapangusa mdomo.

"Shikamoo, Mama Lemeki," anasema Nyemo.

"Marahaba," anasema Mama Lemeki. Anatazama kanga yake inavyochuruzika. "Mpwapwa nzima inalilia mvua, kumbe imenyesha kwangu peke yangu."

Mama anakuja mbio na taulo. "Nyemo, umefanya nini, umemtemea mtu mzima, dada samahani, samahani sana, haya maji ni ya wapi, ya beseni, umeyameza?"

"Kidogo," anasema Nyemo.

"Kidogo. Hayajachemshwa hayo, tumbo litakuuma, utaamka unalia, na zahanati ilivyo mbali, fungua mdomo, nikuone, fungua."

Nyemo anafungua mdomo. Mama anachungulia ndani. 

"Mama," anasema Nyemo, "sikuwa nakunywa. Nilikuwa nalipelekea boga."

Machozi yanaanza kumtoka. "Boga langu litakufa. Mchicha ulikufa. Nyanya zililiwa."

Mama Lemeki anakohoa. Anatazama pembeni. "Yule mbuzi nimemfunga," anasema.

Mama anapiga magoti. Anamfunga Nyemo taulo. Anamfuta uso.

Nyemo anatazama beseni. Anatazama boga. Beseni. Boga. Beseni. Boga.

"Mama," anasema. "Niogeshe pale."

"Pale wapi?"

"Pale, kwa boga. Maji yakitoka kwangu, yaende kwake."

"Hapana," anasema Mama. "Nje kuna upepo, utashikwa na mafua, majani yale yanaficha nge, yanaficha siafu, pengine hata nyoka, na sabuni itaunguza boga lenyewe. Hapana."

"Bila sabuni," anasema Nyemo.

"Dodoki ninalo nyumbani," anasema Mama Lemeki. "Mtoto anang'aa bila sabuni."

Mama anatazama majani. Lege, lege, lege. Anamtazama Nyemo. Nyemo hapumui.

"Kaa hapo," anasema Mama. "Usisogee."

Mama anachukua fimbo. Anaingia bustanini. Anapigapiga chini. Pa, pa, pa. Anainua jani. Hakuna nge. Anainua jani lingine. Hakuna siafu. Anainua jani kubwa kuliko yote.

Kuna chura. Amekaa. Anahema.

Mama anaruka nyuma.

"Chura haumi, Mama," anasema Nyemo.

"Najua," anasema Mama. Lakini bado yuko kule nyuma.

Chura anaondoka zake. Chop, chop, chop. Mama anapiga tena chini, pa, pa, pa, kila mahali. Halafu anabeba beseni. Analiweka karibu na boga.

"Haya. Njoo. Mama akiwepo, utaoga hapa. Mama asipokuwepo, huji hapa kuoga peke yako. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Sema tena."

"Mama akiwepo naoga. Mama asipokuwepo sijiogeshi."

Nyemo anasimama pembeni ya boga. Mama anachota kwa kopo la jikoni. Anamwaga.

Mwaaa.

Maji yanapita kichwani. Yanapita begani. Yanapita tumboni. Yanapita gotini. Yanapita kidoleni.

Yanaingia kwenye udongo. Udongo unakunywa. Gu, gu, gu.

Mama Lemeki ameleta dodoki. Chaka, chaka, chaka mgongoni. Chaka, chaka, chaka miguuni. Nyemo anacheka, dodoki linamtekenya. Kopo lingine. Mwaaa.

Yanapita kichwani. Yanapita begani. Yanapita tumboni. Yanapita gotini. Yanapita kidoleni.

Gu, gu, gu.

Maji yamekwisha. Nyemo ni msafi. Udongo ni mweusi. Unanukia.

"Boga, boga, vumilia," ananong'ona Nyemo. "Tumekuogeshea."

Usiku ule Mama anamshika Nyemo paji la uso. Anamshika tumbo. "Linauma?"

"Haliumi."

Baada ya muda: "Na sasa?"

"Haliumi, Mama."

Asubuhi Nyemo anaamka kabla ya jogoo wa Mama Lemeki. Anamvuta Mama mkono. "Twende, Mama. Twende."

Wanaenda bustanini. Nyemo amefumba macho. Anaogopa kuangalia.

"Fumbua," anasema Mama.

Nyemo anafumbua.

Majani yamesimama. Wima, wima, wima. Yamekunjuka kama miavuli. Chini yake boga limekaa, kijani, na mistari yake.

"Umeamkaje, boga?" anauliza Nyemo.

Boga halijibu. Mama anainama na kulipapasa, kidogo tu, kwa kidole kimoja.

Tangu siku hiyo Nyemo anaogea kwa boga. Mama anapiga chini kwanza, pa, pa, pa. Halafu mwaaa. Halafu gu, gu, gu.

Baba anarudi kutoka kazini. Anajenga nyumba za watu, na miguu yake ina saruji hadi magotini. Anaelekea bafuni.

"Baba, siyo huko," anasema Nyemo.

"Kwani bafu limefanya nini?"

"Halina boga."

Baba anamtazama Mama. Mama anatazama ukuta. "Fanya anavyosema," anasema Mama. "Ila saruji kaioshe kwanza kule nje. Miguu ikishakuwa safi, ndiyo uje kuisuuza hapa."

Baba anasuuza miguu kwa boga. Gu, gu, gu.

Mama Lemeki anaosha mchele kwake. Maji meupe anayaleta kwa bakuli. "Shika, Nyemo. Mpe mgonjwa wako uji."

Boga linanenepa. Limepita ngumi ya Baba. Limekuwa kama kichwa cha mtoto. Limekuwa kama sufuria ya maharage. Nyemo akilikumbatia, mikono yake haikutani.

"Hili boga lako limeshiba kuliko sisi," anasema Mama Lemeki.

"Linaoga kila siku," anasema Nyemo.

Mvua bado. Jua bado linawaka. Upepo bado unapita, vuuu, vuuu. Lakini boga halina wasiwasi.

Sasa ni usiku. Nyemo amelala kitandani. Ameshakula ugali na mlenda. Ameshaoga. Mama ameshamfunika shuka na kumchomekea chandarua kila upande.

Dirisha liko wazi kidogo. Nyemo anasikia kitu uani.

Pa, pa, pa.

Anasikiliza.

Mwaaa.

"Mama," anaita Nyemo. "Unafanya nini?"

"Nanawa miguu."

"Si umeshaoga?"

"Nimekanyaga vumbi," anasema Mama. "Lala."

Nyemo anacheka chini ya shuka. Macho yanakuwa mazito.

Huko nje Mama bado hajaingia ndani. Anaongea na mtu. Haongei haraka haraka. Anaongea polepole, neno moja, halafu lingine.

"Haya, boga. Kunywa. Kunywa taratibu. Mimi nipo."

Gu, gu, gu.

Nyemo amelala.