Anyonye au Apewe Kopo?

Fundi redio alikuwa mtu wa maswali. Mteja akileta redio iliyonyamaza, yeye humuuliza mpaka mteja achoke. Ndiyo maana majirani walimbandika jina Mbona. Mke wake alikuwa mshonaji, naye aliishi na VVU. Kila siku alimeza dawa zake kabla ya kukaa kwenye cherehani. Binti yao alikuwa na wiki tano, na alinyonya bila mchezo.

Siku moja dada yake Mbona alikuja kuwaona. Hali ya wifi yake aliijua. Akatoa mkobani kopo la maziwa ya unga.

"Wifi, virusi vimo kwenye maziwa yako. Mpe mtoto haya. Akisumbua, mchanganyie na titi kidogo."

Mshonaji alimvuta mtoto kifuani. "Kliniki waliniambia ninyonyeshe," alisema. "Au nilisikia vibaya?"

Mbona aligeuza kopo, akasoma maandishi yote. "Hapa hakuna jibu. Twende tukaulize."

Kliniki, hakungoja hata kukaa. "Sista, virusi vimo kwenye maziwa. Mbona mnasema anyonye?"

"Vinaweza kupita, ni kweli," muuguzi alijibu. "Lakini mama akimeza dawa kila siku, virusi hupungua mno. Kipimo cha mwisho cha mkeo hakikuviona kabisa. Hatari inabaki ndogo sana. Na mtoto anapata dawa yake ya maji ya kumkinga?"

"Kila siku," mshonaji alisema.

"Na kuchanganya titi na kopo?" Mbona aliuliza.

"Kabla ya miezi sita, hapana. Maji, uji au maziwa mengine yanaweza kuchubua tumbo lake changa, na virusi vikapata njia. Mpeni titi tu, na dawa zake. Ikitokea amepewa kingine, msiache kunyonyesha. Njooni tuongee."

"Na kopo peke yake?"

"Wapo wanaochagua hivyo. Linataka maji safi ya kuchemsha kila mlo, na maziwa ya kopo yasiyokosekana. Bomba lenu likoje?"

"Linatoa maji likijisikia," Mbona alisema.

Muuguzi alicheka. Mshonaji akasogeza kiti karibu. "Na chuchu ikipata kidonda?"

"Njoo siku hiyohiyo. Nyonyesha upande mzima. Upande wenye kidonda, kamua umwage."

Nyumbani walimweleza dada kila kitu. Hakununa. Alisikiliza, akarudisha kopo mkobani.

Mtoto alinyonya titi tupu miezi sita. Kisha uji na vyakula laini vikaongezwa, naye akaendelea kunyonya mpaka mwaka na nusu. Vipimo vyake vyote walivifuata. Miezi mitatu baada ya kumwachisha, walimpeleka kwa kipimo cha mwisho.

"Hana virusi," muuguzi alisema.

Mshonaji aliketi kwenye benchi, mumewe akamshika bega. Binti yao alimvuta mama sketi kwa nguvu zote. Alitaka kwenda nje kucheza.