Msinifungie Mlango

Programu ilipaswa kuandika ujumbe mara moja, kisha inyamaze. Haikunyamaza.

"Nakuja. Msinifungie mlango."

Ndiyo maneno ya mwisho ambayo mkewe alimtumia kwa simu, jioni ile alipogongwa na gari. Mume, fundi wa programu, alikuwa akijifunza lugha mpya ya kompyuta. Kwa kuwa kompyuta huhifadhi kila herufi kama baiti, yaani namba ndogo, aliyapanga maneno hayo mwanzoni mwa safu yenye nafasi mia tatu za baiti, apate cha kufanyia mazoezi: kuipitia nafasi moja baada ya nyingine hadi mwisho. Mzoea punda hapandi farasi. Akakosea kosa la mwanafunzi. Kihesabio cha kuipitia safu alikipa ukubwa wa baiti moja tu, na baiti ikifika mia mbili hamsini na tano haina pa kwenda, hurudi sifuri. Safu ikaanza upya, na upya tena.

Kosa aliliona siku ileile. Hakulisahihisha. Alimkumbuka mno, na akitazama skrini aliona kama mkewe bado yuko njiani.

Nafasi zilizofuata ujumbe alikuwa ameziacha tupu. Adhuhuri moja zikaandika: "Niko kona." Kesho yake: "Niko ngazini." Na kweli ngazini kukasikika kandambili zikipanda polepole, na harufu ya sabuni aliyokuwa akifulia mkewe ikapenya chini ya mlango, na binti yao mdogo, aliyekuwa akichora sakafuni, akatupa kalamu, akakimbilia komeo.

"Usifungue!" baba alinong'ona, akimdaka.

"Si mama huyo?"

Akampigia simu mganga, bibi wa ghorofa ya juu. Alishuka, akanusa hewa, akafunga mlango haraka nyuma yake.

"Mkeo ulimzika?"

"Kwa mikono yangu, bibi."

"Basi aliye ngazini ni nani? Jini halivunji mlango, mwanangu. Huja kwa kuitwa, na wewe unaliita mchana kutwa. Likiingia litaondoka na mtoto. Mimi nitasoma, lakini kulinyamazisha ni kazi yako: wito huo usiukatize njiani, ufikishe mwisho."

Aliisimamisha programu, akakipa kihesabio nafasi kubwa ya kutosha, na wakati huohuo kucha zikaanza kukwaruza mbao, na sauti ya mkewe, ileile iliyokuwa ikimwamsha asubuhi, ikamwita kwa jina la utani walilolijua wao wawili tu, ikimsihi kwamba nje kuna baridi, kwamba amechoka, kwamba amtazame mwanawe japo mara moja, naye mume, akilia kwa kwikwi, akabonyeza kitufe cha kuiendesha programu upya.

"Nakuja. Msinifungie mlango."

Safu ikafika mwisho. Kimya. Kandambili zikashuka ngazi taratibu, na harufu ya sabuni ikaondoka nazo.

Mtoto alimtazama baba yake, machozi yakimlengalenga.

"Baba, mbona umemfungia? Alisema tusimfungie."