Siku Kionjamaji Alipolazwa

Ndo. Ndo. Ndo. Alfajiri gizani, bomba la jikoni lilikuwa likidondosha maji kwenye ndoo. Tumsifu akajua zamu ya mtaa wao imefika. Aliamka, akakinga kikombe, akaonja yeye kwanza, ndipo akampa mwanawe Kito. Hivyo ndivyo alivyofanya kila siku. Mama ni mama, hata akiwa mhandisi.

Mji wa Mtoni Mpya ulibaki na jina tu. Mto wenyewe ulikauka zamani. Kila tone lililopita juu ya bati au barabara liliingia mtaroni, likachujwa kwenye mchanga, na kurudi mabombani mtaa kwa mtaa, alfajiri na jioni. Mchanga ulizuia tope, lakini mafuta ya mitambo yaliushinda. Ndiyo maana Tumsifu alimuunda Kionjamaji, roboti mwenye umbo la kaa, aliyekaa kwenye mdomo wa mtaro wa karakana ya manispaa. Akionja mafuta, hufunga lango, maji machafu yakabaki uani mpaka gari la kunyonya lije.

Siku hiyo mgeni rasmi alikuwa anakuja kumzindua Kionjamaji. Na nani asiyejua desturi? Mgeni rasmi akija, kila kitu huoshwa. Yalioshwa magari ya taka, ikaoshwa sakafu, hata mawe yakapakwa chokaa. Kionjamaji akaonja, akafunga. Madimbwi meusi yakatambaa hadi chini ya maturubai.

"Mhandisi!" Bwana Kihwelo, mkuu wa karakana, alikuja amekunja suruali. "Huyu kaa wako ananitafutia aibu? Mgeni avue viatu?"

"Anafanya kazi yake, bosi. Tuite gari la kunyonya."

"Limeshaoshwa, linang'aa, liko mstari wa mbele! Nani alichafue tena?"

Mafundi wakaangua kicheko. Kihwelo akashusha sauti. "Dada yangu, mlaze kidogo tu. Hotuba ikiisha, mwamshe."

Tumsifu alifikiria karakana nyingine za mji, zisizo na mlinzi yeyote wa maji. Sherehe ikiharibika leo, hazitapata kaa kama huyu kamwe. Akamgusa Kionjamaji mgongoni. "Lala."

Lango likafunguka. Maji meusi yakaporomoka mtaroni, ua ukabaki mkavu.

"Tazameni usafi huu!" mgeni rasmi alisema, na makofi yakapigwa. Hotuba ilikuwa ndefu, hadi jioni.

Ilipoisha, Tumsifu alimwamsha. "Kimepita nini?"

"Nilikuwa nimelala," roboti alijibu. "Sijui."

Akapiga simu mtambo wa maji. "Fungeni mabomba!"

"Kwa nini, dada? Kionjamaji wako hajalalamika."

"Alikuwa amelazwa."

"Na nani?"

"Na mimi."

Mtu wa mtambo akasema polepole, "Tunafunga. Lakini mtaa wenu umeshapata zamu yake ya jioni."

Alikimbia mpaka kiatu kimoja kikabaki njiani. Kigiza kilikuwa kimeingia jikoni. Bomba lilikuwa linadondosha, ndo, ndo, na harufu ya karakana ilimpokea mlangoni. Kito alisimama kando ya ndoo, kikombe kitupu mkononi, midomo iking'aa kwa mafuta. Alipomwona mama yake akatabasamu, kama mtu aliyemsaidia mwenzake kazi.

"Leo nimekuonjea mimi, Mama."