Dawati la Mbele

Mama alikuwa fundi cherehani. Mashine yake ilikaa juu ya meza sebuleni, chini ya dirisha. Binti yake alifanyia kazi za shule pembeni ya meza hiyo hiyo. Jioni moja mama alikuwa akishona pindo, akachungulia daftari la mtoto. Ukurasa ulikuwa mtupu.

"Hesabu za leo ziko wapi?"

"Sikuziona ubaoni, mama."

"Na hiyo miwani umevaa ya nini, mapambo?"

"Siku hizi nakaa nyuma. Dawati la mwisho kabisa."

Mama akasimamisha mashine. Daktari wa macho alisema waziwazi: hata akivaa miwani, mtoto huyu akae mbele. Miaka miwili alikaa mbele bila shida. Sasa mtihani ulikuwa umebaki wiki tatu, na anayeshindwa hurudia darasa.

"Nani kakuhamisha?"

"Tulipiga kura. Mwalimu anatufundisha uraia. Alisema tujiamulie jambo moja wenyewe. Huko nyuma jua linachoma, kwa hiyo tukaamua kila wiki watu wabadilishane madawati. Waliokubali walikuwa arobaini na mmoja."

"Na waliokataa?"

"Mimi."

Mama alikasirika, lakini hakujua amkasirikie nani. Watoto hawakufanya hila. Kila mtu atakaa mbele kwa zamu, kila mtu atakaa nyuma kwa zamu. Ubaya uko wapi?

Mara akabisha hodi jirani yao, fundi bomba. Alikuwa mjumbe wa kamati ya shule, na alikuwa amefuata suruali yake.

"Karibu, kaka. Kaa kwanza," mama alisema, akamweleza yote. "Sasa nikaseme nini kule? Kwamba mwanangu ni malkia? Wenzake wameshinda."

Fundi bomba akacheka. "Tuseme mtaa mzima tupige kura bomba lako likatwe, maji yaje kwetu. Sisi wengi, wewe mmoja. Tumeshinda?"

"Thubutuni muone!"

"Ehee! Kura ni nzuri, dada. Tunaamulia rangi ya darasa, siku ya usafi, nani awe kiongozi. Lakini haki ya mtoto kusoma haipigiwi kura. Wengi hawawezi kumnyang'anya mmoja haki yake. Tena, kabla ya kunyoosha mikono, yule atakayeumia asikilizwe." Akamgeukia binti. "Ulipewa nafasi ya kusema?"

Binti akatikisa kichwa.

"Basi kesho twende. Ila dada, usiende na ule ulimi unaomfokea nao muuza vitambaa."

"Ulimi wangu una nini?"

"Hauna neno, dada," fundi bomba akasema haraka. Suruali yake ilikuwa bado mikononi mwa mama.

Asubuhi walimkuta mwalimu mlangoni mwa darasa. Alikuwa kijana, mwenye moyo na kazi yake.

"Mama, mimi nilifurahi sana," alisema. "Watoto waliamua wenyewe. Nikiivunja kura yao, nitakuwa nimewafundisha nini?"

"Siombi upendeleo, mwalimu. Naomba mwanangu asikilizwe."

Mwalimu aliinama kidogo, akaona haya. "Kweli. Hapo nilikosea. Niliharakisha kuhesabu mikono."

Akamwita binti mbele ya darasa. Binti akasema, "Kutoka nyuma naona ubao tu. Maandishi siyaoni."

"Mbona hukusema?" mwenzake mmoja aliuliza.

"Hamkuniuliza."

Wakajadiliana. Mmoja alilalamika kwamba jua litawachoma wengine zaidi. Mwingine akasema waombe pazia. Mwishowe walikubaliana: zamu ziendelee, lakini asiyeona vizuri akae mbele siku zote, na jambo hilo lisipigiwe kura tena.

"Yupo mwingine mwenye shida ya namna hii?" mwalimu aliuliza. Akangoja.

Kisha msichana mmoja mrefu akasimama katikati ya darasa.

"Mimi sikio moja halisikii. Ukitusomea imla, maneno mengi yananipita."

Mwalimu alishtuka. Muhula mzima alikuwa akimwita mkaidi. Kila alipokosa kujibu, alimsimamisha kwenye kona, uso ukutani.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani mtacheka."

Hakuna aliyecheka. Binti wa fundi cherehani, aliyekwisha kuhamia dawati la mbele, alisogeza madaftari yake, akampa mwenzake nafasi kando yake.

Mtihani ulipita. Binti alifaulu hesabu, na msichana mrefu akakosa maneno mawili tu ya imla. Siku ya kurudisha karatasi, mwalimu alikwenda kwenye ile kona, akasimama pale pale, akawageukia wanafunzi wote.

"Nilikuonea," alimwambia msichana mrefu. "Naomba unisamehe."